Cherehani ya Mahakama Namba Mbili

Mama Mkubwa ni karani wa mahakama. Kwa miaka kumi na tisa amekaa mbele ya jukwaa la hakimu, katika Mahakama Namba Mbili, akichapa kila neno linalotamkwa humo: la shahidi, la wakili, la mshtakiwa anayeapa kwa jina la mama yake mzazi kwamba kuku huyo hajawahi kumwona hata siku moja. Anachapa kwa vidole vyote kumi bila kuangalia mikono. Macho yake huwa kwenye mdomo wa anayesema, kama mtu anayemlisha mtoto uji na hataki hata tone lianguke.

Kompyuta yake ya kazi ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Bawaba moja ilikwisha kuvunjika, kwa hiyo kioo kiliegemea kitabu kinene cha sheria ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, hakijawahi kumsaidia mtu mwingine kiasi hicho. Kitufe cha herufi M kiling'oka mwaka mmoja wa mvua nyingi, akabandika kifungo cha shati mahali pake kwa gundi. Betri ilikuwa pambo tu. Ukichomoa waya, kesi imekwisha. Na vitufe vyake vilipiga kelele. Ta-ta-ta-ta-ta, kisha kidole kimoja kikishuka kwa nguvu kwenye kitufe kikubwa cha pembeni kumaliza sentensi: pu!

Kwa sababu ya kelele hizo, mawakili walimpa jina. Alianza mmoja wao, mrefu, mwenye sauti ya redio, aliyesimama siku moja akasema, "Mheshimiwa, naomba cherehani ipumzike kidogo nimalize swali langu." Mahakama nzima ikacheka. Tangu siku hiyo yeye ni Bi. Cherehani. Jina lilitoka mlangoni, likashuka ngazi, likafika mtaani, mpaka mtu mmoja akaja mezani kwake saa ya chakula na suruali iliyochanika, akitaka ashonewe haraka kabla kesi yake haijaitwa.

"Ulimwambia nini?" niliwahi kumuuliza.

"Nilimwambia aende mahakama ya rufaa."

Alikuwa anacheka alipolisimulia hilo, lakini jina lenyewe halikumpendeza. Mama Mkubwa ni mwanamke nadhifu, mwenye mkoba unaofanana na viatu. Kuitwa kifaa hakukumkaa vizuri.

Kompyuta ilikata roho katikati ya hukumu. Hakimu alikuwa amefika kwenye maneno "Mahakama inakuona una", kioo kikazima. Hakimu wao ni mtu wa taratibu: hatamki lisiloandikwa. Akafunga mdomo. Mshtakiwa akabaki kizimbani dakika ishirini na ile "una" ikining'inia juu ya kichwa chake, mpaka fundi wa umeme alipoifufua mashine kwa kuipiga kofi. Kumbe ilikuwa "una haki ya kwenda nyumbani"; hana hatia. Mpaka leo mtu yule anasema kifungo chake alikitumikia siku hiyo hiyo, kwa ukamilifu.

Kesho yake Mtendaji wa mahakama, ambaye ndiye mwenye fomu zote za jengo lile, alimwita Mama Mkubwa ofisini.

"Bi. Karani, njia ni mbili," akamwambia. "Ya kwanza, uende dukani uchague laptopu mpya, moja tu, na wiki ijayo uandike mwenendo wa kesi usio na pengo hata moja. Ijumaa nitausoma mimi mwenyewe. Ya pili, tuweke kinasa sauti pale mezani kwako, na wewe uende masjala."

Masjala iko chini kabisa ya jengo. Ni chumba cha mafaili, vumbi na taa moja ndefu inayokonyeza. Mama Mkubwa hupiga chafya akipita tu karibu na ngazi zake. Lakini aliporudi nyumbani na kunisimulia, hakutaja vumbi.

"Kule chini watu wameshasema kila kitu," alisema. "Mimi nataka kuwepo wanaposema."

Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye utanisaidia kuchagua. Wewe si umesoma?"

Nilisoma fasihi. Lakini katika ukoo wetu, mtu akishavaa lile joho la chuo kikuu anajua kila kitu kinachochomekwa ukutani. Nimeitwa kutazama friji, televisheni na mara moja pampu ya maji. Nilikuwa nasubiri majibu ya maombi ya kazi, muda ninao, na kusoma ndicho kitu pekee ninachokiweza bila kutokwa jasho. Nikasoma. Siku tatu nilisoma maoni ya watu nisiowajua kuhusu kompyuta nisizozijua, nikajaza kurasa nne za daftari kwa safu na mistari: kasi, memori, uzito, muda wa betri. Safu ya mwisho niliiita Sauti ya Kibodi, kwa ajili yake. Iliyokuwa kimya kuliko zote niliipa nyota tano, na nyota hizo nikazipigia mstari mara mbili.

Jumamosi tukaenda dukani. Lilikuwa duka la mlango wa kioo, baridi kama ndani ya jokofu, na muuzaji alikuwa kijana mwenye shati lililonyooshwa mpaka mikunjo yake ingeweza kukukata. Nilimpa daftari langu kwa sababu niliona haya kuongea. Akalisoma, akaniangalia, akamwangalia Mama Mkubwa, akatutolea tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya kugusa kioo chenyewe. Mama Mkubwa akagusa, ikafunguka picha. Akagusa kuifunga, zikafunguka nyingine mbili.

"Hii hapana," akasema. "Mahakamani watu wanapenda kushikashika vitu. Mtu atagusa, kesi ya mwenzake itafutika."

Ya pili ilikuwa nene, ya rangi ya machungwa, na ilikuwa na mpini kama sanduku la safari.

"Hii ni ya watoto wa shule, mama," muuzaji akasema, akiisogeza pembeni kabla hata hatujaitazama. "Imetengenezwa kwa ajili ya kuangushwa."

"Mimi siangushi vitu."

"Ndiyo maana nasema, mama. Yako ni hii hapa."

Ya tatu ilikuwa nyembamba, rangi ya fedha, nyepesi kama sahani ya bati. Mama Mkubwa akavuta kiti, akaweka vidole, akachapa kiapo kizima cha mashahidi kwa mkupuo mmoja. Kisha akasimama, akanitazama kwa wasiwasi.

"Imeandika?"

"Angalia kwenye kioo," nikasema.

"Lakini sijasikia kitu."

"Ndiyo raha yake, mama," akasema muuzaji. "Hii hata mtoto akilala hapo pembeni, haamki."

Mama Mkubwa akachapa tena, taratibu, kama anayepapasa kitambaa cha bei mbaya. Sikumbuki lini nilimwona akitabasamu hivyo. "Bi. Cherehani amefariki," akanong'ona. "Mungu amlaze pema." Nami nikajiona nimefaulu mtihani.

Muuzaji alitukumbusha jambo moja: tunaweza kuirudisha ndani ya siku saba, ikiwa na boksi lake na nailoni zake zote. Baada ya hapo ni yetu mpaka kiama. Mama Mkubwa akalikunja lile boksi kama nguo ya sikukuu.

Jumatatu jioni alirudi nyumbani ameshika viatu mkononi. Nikajua kuna jambo.

"Leo nimesifiwa na kila mtu," akasema, akikaa. "Hakimu kasema, hongera, karani, leo kuna utulivu. Wakili mrefu kanipa mkono. Sasa soma hiki nilichoandika."

Akanipa karatasi. Ilikuwa kesi ya majirani wawili, wa ghorofa ya juu na wa ghorofa ya chini. Tangi la wa juu lilivuja, maji yakashuka, yakalowesha godoro jipya la wa chini. Wa chini anataka godoro jingine. Wa juu anasema godoro hilo lilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani, kwa hiyo lisingeweza kulowa, labda lilowe kwa sababu nyingine za nyumbani mwao. Kesi nzima ilisimama juu ya swali moja: maji yalipofika, nailoni ilikuwa imetolewa au haijatolewa? Na mtu pekee aliyeingia chumbani mle akiwa hana upande alikuwa fundi bomba.

Nikasoma maneno ya fundi bomba: "Nilipoingia nikaona nailoni iko", kisha nafasi tupu, kisha "ndipo nikafunga valvu."

"Iko wapi?" nikauliza.

"Hilo ndilo hata mimi ninalouliza!" Akajipiga paja. "Yule fundi anasema kama bomba lililopasuka. Nimemwahi mpaka kwenye 'iko', hakimu akasema 'endelea', akaendelea, mimi bado niko nyuma. Hivyo hivyo asubuhi nzima. 'Endelea', 'endelea'. Miaka kumi na tisa hakimu hajawahi kunikimbiza. Leo amekuwa na haraka ya nini?"

"Hukuwauliza mawakili?"

"Nimewauliza. Wa huyu anasema shahidi kasema nailoni iko sakafuni. Wa yule anasema shahidi kasema nailoni iko kwenye godoro. Na wote wawili wako tayari kuapa."

Nikasema labda ni ugeni wa mashine, vidole vitazoea. Nilisema hivyo kwa sababu ya zile nyota tano.

"Kesho uje mwenyewe," akasema. "Uje uone mashine yako inanifanyia nini."

Jumanne nikakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na ukuta. Mahakama Namba Mbili ni chumba kidogo kuliko jina lake. Meza ya Mama Mkubwa, chini ya ile ya hakimu, ina ukubwa wa sinia. Kompyuta ikikaa, hata kalamu inaomba nafasi. Fundi bomba alirudi kizimbani kuhojiwa na wakili mrefu. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mwenye mikono iliyokuwa ikifunga na kufungua valvu hewani muda wote alipokuwa akieleza.

"Mheshimiwa, mimi nilipigiwa simu, nikasema nakuja, nikaja, nikabisha, nikafunguliwa, nikakuta maji yanashuka ukutani kama yanajua yanapokwenda, nikauliza valvu iko wapi, wakasema hatujui, nikasema mnaishi vipi kwenye nyumba msiyoijua valvu yake—"

Akavuta pumzi. Vidole vya Mama Mkubwa vilikuwa bado vinakimbia, kimya, kama miguu ya paka. Hakimu, ameinamia faili lake, hakuinua hata jicho.

"Endelea," akasema.

Nikaona mabega ya Mama Mkubwa yakipanda. Fundi akaendelea. Akapumua tena. "Endelea," hakimu akasema tena, kinywa cha fundi kikiwa hakijafumba sawasawa. Safari ya tatu Mama Mkubwa alikata shauri. Akachukua kalamu, akagonga meza yake mara mbili, taratibu, kumjulisha hakimu kwamba bado.

"Ingia!" hakimu akasema kwa sauti.

Mlango ukafunguka. Askari wa mlangoni akachungulia, akashika mkono wa shahidi aliyekuwa anasubiri nje, mama mmoja mnene mwenye miwani, akamwingiza ndani.

"Huyu nani?" hakimu akauliza.

"Shahidi wa pili, mheshimiwa."

"Nani kamwita?"

"Wewe, mheshimiwa."

Fundi bomba akadhani amemaliza, akaanza kushuka kizimbani. Wakili mrefu akaficha uso nyuma ya faili, faili likawa linatetemeka. Hakimu akamtazama Mama Mkubwa, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, akauliza kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi, "Bi. Karani, uko pamoja nasi?"

"Niko, mheshimiwa," akajibu, na mimi nikatamani ukuta ule unimeze.

Kabla ya mapumziko mambo yalizidi. Wakili mmoja alitaka jibu la fundi la jana lisomwe kutoka kwenye mwenendo. Mama Mkubwa akasimama, akasoma mpaka kwenye "iko", akanyamaza. Mawakili wakaanza kubishana nailoni ilikuwa wapi. Hakimu akaamua shahidi huyo aanze upya Alhamisi, tangu neno la kwanza, na kila mtu aende nyumbani. Fundi bomba akalalamika kwamba ana choo cha watu amekiacha wazi.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje, mimi na Mama Mkubwa, yeye ameshika tama, askari wa mlangoni alipotujia. Ni mzee mwembamba ambaye amesimama kwenye mlango ule kwa muda ule ule aliokaa Mama Mkubwa nyuma yake.

"Bi. Cherehani," akasema, "mimi na wewe leo tuna ugomvi."

"Afande, nami nimechoka. Ugomvi uje kesho."

"Umenitia aibu mbele ya hakimu. Mimi nasimama nje, mlango umefungwa. Maneno ya ndani siyasikii, na sitakiwi kuyasikia. Ninachokisikia ni wewe. Ukigonga mfululizo, najua mtu anasema. Ukipiga lile la mwisho, ukatulia, ukaanza tena, najua bado. Ukinyamaza kabisa, nahesabu mpaka tano, naweka shahidi mwingine tayari. Sijakosea hata mara moja. Tangu jana nasimama pale kama mtu aliyefungiwa kwenye chumba cha barafu. Sijui kama mko hai au mmetoroka dirishani. Basi leo nikasikia mtu anasema 'ingia', nikaona afadhali."

Mama Mkubwa akatoa mkono shavuni.

"Na hakimu je?" akauliza.

"Hakimu ndiyo hivyo hivyo. Yule muda wote ameinamisha kichwa. Umewahi kumwona akikuangalia wewe?"

"Hajawahi, ila leo."

"Sasa anajuaje umemaliza kuandika?"

Kwenye korido mfagiaji aliburuta ndoo yake mpaka mwisho, akageuka nayo.

"Kwa hiyo," Mama Mkubwa akasema hatimaye, "mimi ni kengele."

"Wewe ni karani," nikasema.

"Karani mwenye kengele. Na wewe ndiye umeikata ulimi."

Nilimwambia anaweza kumwomba hakimu awe anamtazama kabla ya kusema endelea. Akanikodolea macho. "Mimi nimwelekeze hakimu pa kutazama?" Nikamwambia basi tununue kibodi ya pembeni, yenye kelele zake, tuichomeke. Akanikumbusha ukubwa wa meza yake, na neno la Mtendaji: kifaa kimoja tu. Ile kompyuta ya zamani? Ilikwisha kuingia stoo, na kitu kikiingia stoo ya Mtendaji hakitoki bila fomu tatu na msiba.

Jioni ile aliifuta ile ya fedha kwa kitambaa laini, pembe kwa pembe. Akachapa mistari miwili mitatu, bila sauti, akaifunga. Nilijua anaipenda. Mtu hawezi kuitwa cherehani miaka yote hiyo, apate siku mbili za kuwa bibi wa kawaida, kisha aombe mwenyewe kurudishwa kwenye nyuzi na sindano.

Jumatano, siku ambayo Mahakama Namba Mbili haikai, alinigongea mlango asubuhi. "Amka. Boksi liko wapi?"

Muuzaji alipotuona na boksi alisikitika kama daktari. "Ina shida gani, mama?"

"Haina shida yoyote. Nataka yenye kelele."

"Samahani?"

"Kelele, mwanangu. Lakini isiwe kelele ya kuumwa. Kelele ya kazi."

Kijana akanitazama mimi niokoe jahazi. Nikatazama viatu vyangu. Akamwachia duka zima. Mama Mkubwa akapita kwenye meza zote, akifumba macho, akichapa, akitikisa kichwa. Hii inanong'ona. Hii inatafuna. Hii ina mafua. Wateja wengine wakaacha shughuli zao, wakaanza kumfuata. Kisha akanigeukia, na nilipoona anachokiwaza, nikarudi nyuma hatua moja.

"Toka nje," akasema. "Funga mlango. Simama kama afande. Ukinisikia, inua mkono."

Nilitoka. Nikasimama barabarani, mchana kweupe, nimebandika sikio kwenye mlango wa kioo wa duka la kompyuta. Mimi ambaye nikiwa na swali darasani niliandika kwenye karatasi nikampa jirani yangu aulize. Watu walipita. Bibi mmoja mwenye mwavuli alisimama, akaniuliza kama nimezidiwa, akataka kuniitia mtu. Nikamwambia nasikiliza. "Wanasemaje?" akauliza, na yeye akabandika sikio.

Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, mchakacho kidogo. Bibi akasema huo ni wa feni. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Halafu, kupitia kioo, ikaja wazi kabisa: ta-ta-ta-ta-ta, ta-ta-ta. Pu!

Tukainua mikono wote wawili.

Nilipoingia, Mama Mkubwa alikuwa amekaa mbele ya ile nene ya rangi ya machungwa. Muuzaji alikuwa ameshika kichwa.

"Mama, mteja wa hii ni wa darasa la tatu."

"Mwambie asubiri zamu yake. Ina rangi nyeusi?"

"Ipo ya machungwa na ya waridi."

Mama Mkubwa akavuta pumzi ndefu. "Machungwa," akasema.

Alhamisi aliingia Mahakama Namba Mbili ameibeba kwa mpini wake, mkoba begani, kichwa juu; mimi nikarudi kwenye benchi langu la nyuma. Wakili mrefu hakukawia.

"Mheshimiwa, naona karani amekuja na chakula chake cha mchana."

Watu wakaangua kicheko. Mama Mkubwa akaiweka mezani, akaifungua, akanyoosha vidole. "Niko tayari, mheshimiwa," akasema. Fundi bomba akaapa upya, akaanza upya, tangu simu ilipolia.

Ta-ta-ta-ta-ta. Sijui kama hakimu alijua kilichotokea. Alikuwa ameinamia faili lake kama kawaida. Fundi alipovuta pumzi ya kwanza, vitufe viliendelea. Hakimu akageuza ukurasa. Vikaendelea, hakimu akakuna kidevu. Pu! "Endelea," akasema, bila kuinua kichwa. Fundi mwenyewe, baada ya sentensi tatu, akaanza kusubiri. Alisema, akanyamaza, akasikiliza, akasema tena, na mikono yake ikatulia juu ya ubao wa kizimba. Alipofika kwenye nailoni, chumba kizima kilikuwa kinasikilizana.

"Nilipoingia nikaona nailoni iko nusu."

"Nusu vipi?" wakili mrefu akauliza.

"Nusu imetolewa, nusu ipo. Upande wa kichwani imevuliwa, upande wa miguuni bado. Nadhani walikuwa wanaivua, maji yakawawahi, wakaliacha godoro wakakimbia."

Mawakili wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amesikia nusu yake. Ta-ta-ta, pu. Nyuma ya mlango nikasikia afande akikohoa kwa starehe, kama mtu aliyerudishiwa saa yake.

Ijumaa saa tisa Mtendaji alimwita Mama Mkubwa ofisini, nami nikamsindikiza. Alianza na mashine.

"Hii rangi imeidhinishwa na nani?"

"Fomu haina sehemu ya rangi, mheshimiwa," Mama Mkubwa akasema.

Mtendaji akaitazama fomu, mbele na nyuma, akaona ni kweli. Kinasa sauti kilikuwa pale mezani ndani ya boksi lake, kipya, kidogo kama kipande cha sabuni. Mama Mkubwa hakukitazama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, na nikaona vidole vyake vikitembea juu ya ngozi ya mkoba, vikichapa kitu.

Mtendaji akasoma mwenendo. Alisoma kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele, kidole kikiteremka mstari kwa mstari. Kurasa kumi na nne. Mara mbili alirudi nyuma, akalinganisha, akasonga mbele. Kwenye ukurasa wa tisa kidole kikasimama.

"Hapa kuna maneno kwenye mabano. 'Shahidi anakohoa.'"

"Alikohoa, mheshimiwa."

"Unaandika mpaka kikohozi?"

"Wakili alikuwa amemuuliza kama ana cheti cha kazi yake ya bomba."

Mtendaji akasoma tena swali, kikohozi, na jibu lililofuata. Midomo yake ikasogea kidogo.

"Alikohoa mara moja tu?"

"Mara mbili, mheshimiwa. Ya pili hakimu aliamuru isiingie."

Mtendaji akafungua kalamu, akasaini fomu chini kabisa, akaigonga mhuri. Kisha akalivuta lile boksi la kinasa sauti, akafungua droo ya mwisho ya meza yake, akalirusha ndani.

"Jumatatu saa mbili na nusu," akamwambia Mama Mkubwa. "Kuna kesi ya mbuzi watatu, na mashahidi ni kumi na mmoja. Uje umekula."